Roadster au Fit: hesabu haiko kwenye injini

Mazda Roadster ya kizazi cha nne, ambayo nje ya Japani inauzwa kwa jina la MX-5, ina urefu wa milimita 3,915. Honda Fit ya kizazi cha tatu ina 3,955. Tofauti ni sentimita 4. Uzito nao unakaribiana, kila moja ni kama tani moja tu. Yanaegeshwa kwenye nafasi ileile mjini Nairobi au Dar es Salaam, na mara nyingi hushushwa kwenye meli ileile bandarini. Lakini moja lina viti 2, buti la lita 130 na paa la turubai. Jingine lina viti 5, buti la lita zaidi ya 350 na paa la bati ambalo mwenye gari halifikirii hata siku moja mpaka atakapoliuza.

Ubishi kuhusu magari haya huanzia pabaya. Anayeogopa Roadster husema litammaliza kwa mafuta na injini yake itawashinda mafundi. Anayelipenda husema hilo ni gari la moyo, na moyo haupangiwi bei. Wote wawili wanadhani gharama ya gari la michezo imejificha chini ya boneti. Haimo humo. Imo kwenye paa, kwenye miguu ya gari na matairi, kwenye siku za kusubiri spea, na kwenye kile kiti cha tatu ambacho hakipo.

Kwanza tujue ni gari gani unaloweza kulipata. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa mwaka 2025 hiyo ilikuwa na maana ya magari ya 2018 kuja mbele. Kwa hiyo mnunuzi wa Kenya anayeagiza Japani ana Roadster moja tu ya kuchagua, ile ya kizazi cha nne iliyoanza kuuzwa 2015. Vizazi vya zamani atavipata tu kwa mtu aliyekwisha kuliingiza gari zamani, nayo ni machache. Tanzania mlango uko wazi zaidi, ila mgeni mzee hutozwa kiingilio: gari dogo lililovuka miaka 8 huongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 kwa ajili ya umri, na likivuka 10 huongezewa asilimia 30. Ndiyo maana Mtanzania anaweza kuitazama Roadster ya kizazi cha tatu, ya 2005 hadi 2015, ilhali Mkenya haoni chochote.

Ukipewa karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kwenye minada ya Japani, soma namba ya chasisi kabla ya kusoma kitu kingine. Herufi ND5RC ni Roadster ya turubai yenye injini ya cc 1,496. NDERC ni ile iitwayo RF, yenye paa gumu linalojikunja kwa mota, na injini yake ni ya cc 1,997. NCEC ni kizazi cha tatu. NB na NA ni cha pili na cha kwanza, na magari ya kizazi cha kwanza huweza kuandikwa Eunos Roadster, kwa hiyo anayetafuta kwa neno Mazda pekee hatayaona. Kwa Mkenya tofauti ya ND5RC na NDERC ni fedha taslimu. Kwa viwango vya 2024, ushuru wa forodha ni asilimia 35, kisha ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1,500 na 25 kwa inayozidi, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya vyote. Chukua gari lenye thamani ya forodha ya shilingi 100: la cc 1,496 linatoka bandarini likiwa shilingi 188 hivi, la cc 1,997 linakuwa 196, kabla ya tozo nyingine ndogo. Na kumbuka kwamba thamani hiyo hukadiriwa na mamlaka ya mapato kwa kuanzia bei ya gari likiwa jipya, na wala si bei uliyobahatika kuipata mnadani. RF ilikuwa ghali zaidi tangu dukani, hivyo inapigwa mara mbili.

Mafuta tuyamalize haraka, maana ndiyo yanayozungumzwa sana na ndiyo yenye uzito mdogo. Kwa kipimo cha JC08 cha Japani, Roadster ya lita 1.5 yenye gia za mkono ilipata kilomita 17.2 kwa lita. Fit ya lita 1.3 yenye CVT, giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia, ilipata kati ya 24 na 26. Barabarani hakuna anayefika huko. Tuseme Roadster itoe 13 na Fit itoe 16 katika mwendo wa mchanganyiko, na gari liende kilomita 15,000 kwa mwaka. Roadster litakunywa lita 1,154, Fit lita 938. Tofauti ni lita 216 kwa mwaka mzima, yaani lita 18 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya petroli ya mwezi huu. Inauma, lakini haivunji nyumba. Kinachostahili kukumbukwa ni kwamba Mazda huko Japani iliitaka Roadster itumie petroli ya oktani ya juu, wakati Fit ya 1.3 inatosheka na ya kawaida. Ukitia ya kawaida kwenye Roadster, kompyuta huchelewesha cheche za plagi ili kuzuia injini kugonga ndani. Nguvu inapungua kidogo, unywaji unaongezeka kidogo.

Nguvu yenyewe hupunguzwa na kitu kingine ambacho wauzaji hawakitaji. Injini isiyo na tabo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, hupoteza karibu asilimia 1 kwa kila mita 100 za mwinuko. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi. Nguvu za farasi 131 za Roadster zinabaki kama 110, na 100 za Fit zinabaki 83. Anayetarajia gari la michezo limkandamize kitini akitoka Museum Hill atasikitika. Utamu wa Roadster haumo kwenye kasi ya kwenda mbele. Umo kwenye usukani, kwenye gia fupi, na kwenye kona. Kama unachotaka ni kuwapita watu kwenye barabara iliyonyooka, fedha hizo zitakununulia gari jingine lenye kasi zaidi na viti vyote.

Sasa injini na giaboksi. Hapa ndipo Roadster linapowashangaza wengi, kwa sababu ni gari rahisi. Injini ya lita 1.5 ni ya ukoo mmoja na ile ya Demio na Axela, magari ambayo fundi wa mtaani ameyafungua mara nyingi. Haina tabo, inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na mbele yake kuna nafasi ya kuingiza mkono. Udhaifu wake ni kwamba petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, kwa hiyo nozeli zake hazivumilii mafuta machafu, na masizi hujengeka kwenye valvu za kuingizia hewa kwa kuwa petroli haizioshi. Giaboksi ya gia 6 za mwanzo, hasa zilizofungwa kwenye lita 2.0 kati ya 2016 na 2018, ilikuwa na historia ya kuvunjika gia za ndani, na Mazda iliirekebisha zaidi ya mara moja. Ukijaribu gari, peleka gia ya 2 hadi ya 4 kwa mzigo bila redio na usikilize mlio wa kusaga.

Kazi ya klachi ndiyo mtego. Kati ya giaboksi na difu kuna fremu ndefu ya alumini inayoviunganisha viwili hivyo viwe kama kitu kimoja. Ili giaboksi itoke, fremu hiyo lazima ifunguliwe, na inaporudishwa pembe yake lazima ipimwe. Fundi akiikaza kwa kukadiria macho, gari linarudi na mtetemo ambao utatafutwa kwenye balansi ya matairi, kwenye propela, kila mahali isipokuwa pale.

Fit kwa upande wake lina sifa ya kutokufa, na sifa hiyo inahitaji tanbihi. Fit ya 1.3 ya petroli, chasisi GK3, inaistahili: petroli hupulizwa kwenye njia ya hewa kwa mtindo wa zamani, na injini haina makuu. Mgonjwa mtarajiwa ni CVT. Inataka oili ya HCF-2 na si nyingine. Magari ya kizazi cha kabla yake, GE6 na GE8, yanataka HMMF. Gereji nyingi humwaga ndani ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, yoyote iliyopo kwenye pipa, na mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili unaanza kuteleza. Dalili ni gari kutetemeka linapoanza kuondoka, hasa kwenye mlima, na mvumo unaopanda na kasi. Kila kilomita 40,000 ifunguliwe na kujazwa upya, kama lita 3.5 hivi, na kwa gari lililotoka Japani bila kumbukumbu ya matengenezo, fanya hivyo wiki ya kwanza. Kuimwaga mara moja hakutoi yote, kwa hiyo mwenye busara hurudia baada ya kilomita elfu kadhaa.

Fit haibridi, chasisi GP5, ni habari nyingine kabisa. Ilitoka Septemba 2013, na ndani ya takriban mwaka mmoja Honda ilikuwa imeliita gari hilo kwenye marekebisho mara 5, kiasi kwamba wakubwa wa kampuni walikatwa mishahara. Giaboksi yake ina klachi mbili kavu ambazo kwenye foleni ya Mombasa Road au Mandela, mguu ukicheza na breki nusu saa nzima, hupata joto na kuwasha onyo. Magari ya miaka ya baadaye ni bora, lakini bado ni mashine yenye mota, betri kubwa na kompyuta zinazotegemeana. Kuna jambo la kuchekesha hapa: anayekimbia Roadster kwa kuogopa ufundi wake, kisha akanunua GP5 kwa sababu ni gari la busara, amekimbia mvua na kuingia mtoni.

Twende kwenye paa, maana ndipo penyewe.

Turubai la Roadster la kizazi cha nne hufunguliwa kwa mkono mmoja: kuna klipu moja katikati ya fremu ya kioo cha mbele, unaivuta, unalisukuma paa nyuma ya viti, unalikandamiza mpaka likae. Kizazi cha kwanza na cha pili kina klipu mbili, na cha kwanza kina dirisha la nyuma la plastiki ambalo lazima lifunguliwe zipu na kulazwa kabla ya kukunja paa. Asiyejua hulikunja pamoja na paa, na plastiki iliyopigwa na jua hupasuka kwenye mkunjo. Dirisha la kioo halina shida hiyo.

Kitambaa chenyewe huanza kufa kwenye mikunjo ya pembeni, juu na nyuma ya mlango, pale fremu inapokisugua kila linapofunguliwa. Tundu huanza kama kichwa cha pini. Usilikunje paa likiwa limelowa: Mombasa, Tanga na Dar, kwa unyevunyevu ule, siku mbili zinatosha kuota ukungu. Usimruhusu muosha magari alikaribie na mdomo wa pampu ya shinikizo, wala kulisugua kwa sabuni ya unga, kwa sababu sabuni kali hutoa dawa inayozuia maji. Maji ya kawaida, shampuu laini, brashi laini, na kupulizia upya dawa ya kuzuia maji kabla ya masika. Kinyesi cha kunguru wa Dar kisilale juu yake hadi kesho.

Lakini kitambaa kinaonekana. Kinachoangamiza magari haya hakionekani. Maji ya mvua yanayoteremka nyuma ya paa hukusanywa na reli ya plastiki na kuingizwa kwenye matundu mawili, moja kila upande nyuma ya viti karibu na nguzo ya mkanda, kisha hushuka kwenye mipira na kutokea chini, mbele ya gurudumu la nyuma. Nairobi jakaranda huangusha maua yake Oktoba na Novemba, wakati uleule vuli inapoanza. Dar kazi hiyo hufanywa na majani ya mwembe na mwarobaini. Uchafu ukiziba tundu, maji hayamwagiki nje. Yanaingia kwenye zulia na ndani ya boksi la chuma lililo chini ya mlango. Kutu huanza kutoka ndani, na siku rangi itakapotunga malengelenge mbele ya gurudumu la nyuma, bati la ndani limeshaliwa. Magari ya kizazi cha kwanza na cha pili yaliyooza hivyo ni mengi kuliko yaliyokufa injini.

Kuzibua ni kazi ya dakika 20. Fungua paa nusu, ondoa majani kwa mkono, na kama gari lako ni la kizazi kipya, toa kichujio cha plastiki kilichoko pale na ukioshe. Pitisha uzi mnene wa plastiki, ule wa mashine ya kukatia nyasi unafaa sana. Waya wa chuma hutoboa mpira, na upepo wa kompresa huuchomoa mpira kwenye kiungo chake, ukawa umejitengenezea tatizo jipya mahali usipoona. Kisha mimina nusu lita ya maji polepole. Yatoke chini mara moja. Yakisitasita, rudia. Fanya hivyo kabla ya kila msimu wa mvua, na kila mwezi kama gari linalala chini ya mti.

RF haina turubai la kuchanwa, na paa lake hufunga kwa sekunde 13 hivi likiendeshwa kwa mota. Hiyo ni nafuu kwa anayeegesha mtaani. Badala yake umechukua mota, sensa na nyaya zinazotakiwa kukubaliana zote kwa pamoja; moja ikikataa, paa husimama nusu ya njia, na haliulizi kama ni mwezi wa Aprili.

Kuhusu wezi, tusidanganyane. Turubai halimzuii mtu mwenye kisu, na kushona upya hakurudishi kuzuia maji kama kwa kiwandani. Gari hili linataka kulala ndani ya geti, chini ya paa jingine. Mchana lisiachwe na hata chaja ya simu mahali panapoonekana. Kabla ya kusaini bima kubwa, uliza kwa maandishi iwapo turubai lililochanwa linalipwa, na kwa kiwango gani, maana vipengele vya kioo cha mbele na redio huwa vimeandikwa, turubai halimo.

Watu husema pia kwamba gari la michezo litagonga kila tuta. Karatasi za kiwandani zinasema jambo la kushangaza: Fit ya GK3 iko sentimita 13.5 kutoka ardhini, Roadster kama sentimita 14. Tena Roadster lina nafasi fupi kati ya magurudumu, milimita 2,310 dhidi ya 2,530, kwa hiyo tumbo lake hupita juu ya tuta kwa urahisi zaidi. Anayekwaruza Fit kila siku kwenye matuta ya mtaani kwake atakwaruza Roadster vilevile, hana sababu ya kuhofia zaidi.

Hasara iko kwenye tairi. Fit la kawaida linavaa 185/60R15, yaani ukuta wa mpira wa milimita 111 kati ya rimu na barabara, na saizi hiyo ipo kwenye kila duka. Roadster la 1.5 linavaa 195/50R16, ukuta wa milimita 98. Lile la inchi 17 linavaa 205/45, milimita 92. Shimo lililotosha kukufanya useme pole kwenye Fit linapinda rimu kwenye Roadster au kukata ukuta wa tairi. Na Roadster halina tairi la akiba. Lina kopo la gundi na pampu ndogo. Gundi huziba tundu la msumari kwenye sehemu ya tairi inayokanyaga barabara. Ukuta uliokatwa hauzibi, na gundi iliyokaa miaka 7 ndani ya gari imekwisha muda wake. Fit nyingi za Japani nazo zilitoka kiwandani na kopo hilohilo, ila kwenye Fit unanunua tairi la akiba na kuliweka kwenye buti, maisha yanaendelea. Kwenye Roadster ukiliweka, huna buti tena.

Miguu ya Fit mbele ni shokapu na mkono mmoja kila upande, nyuma ni boriti moja. Kila fundi anaijua. Roadster lina mikono miwili kila upande mbele na viungo kadhaa kila upande nyuma, kila kimoja na bushi zake, na pembe za magurudumu yote manne hurekebishwa kwa bolti zenye kitovu kilichohama. Gereji inayofanya alaimenti ya mbele pekee itakurudishia gari lililonyooka usukani huku nyuma linavuta upande. Tairi za nyuma zitalika kwa ndani kabla hujajua. Tafuta mwenye mashine ya magurudumu manne na umwombe karatasi yenye namba za kabla na baada. Na bolti hizo zikishikwa na kutu, hasa kwenye gari lililoishi kaskazini mwa Japani ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, hazizunguki mpaka zikatwe.

Kuhusu spea hakuna ubishi. Taa, bampa, kioo cha pembeni au mlango wa Fit unapatikana leo jioni Kirinyaga Road au Kariakoo, pengine wa rangi ileile. Plagi, filta na pedi za Roadster nazo hazikutoi jasho. Bampa lake, taa yake ya LED, turubai, mkono wa nyuma: hivyo huagizwa, na gari hukaa wiki kadhaa likisubiri. Boneti ya kizazi cha nne ina baruti ndogo zinazoiinua pale gari linapomgonga mtembea kwa miguu. Zikifyatuka kwa kumgonga mbuzi, zinabadilishwa, hazirudishwi mahali pake. Kwa hiyo Roadster kama gari pekee la nyumba lina hatari ambayo haimo kwenye bei yake: wiki hizo utapanda nini?

Halafu kiti cha tatu. Mtu huhesabu abiria wa Jumatatu hadi Ijumaa na kusema niko peke yangu. Ahesabu Jumamosi: kumchukua mama hospitali akiwa na dada, kupeleka watu msibani, kununua mtungi wa gesi wa kilo 13 ambao ukisimamishwa buti la Roadster halifungiki, na haufai kukaa kwenye kiti cha abiria. Fit, tangi lake likiwa chini ya viti vya mbele, linakuruhusu kuinua makalio ya viti vya nyuma na kusimamisha mche wa mwembe au friji ndogo. Mtoto mchanga ndiye anayefunga mjadala: kiti chake kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya begi la hewa linalofanya kazi, na kwenye Roadster hakuna kiti cha nyuma cha kukihamishia.

Maoni yetu basi ni haya. Kama gari ni moja tu nyumbani, na kuna mtoto au mzazi anayekutegemea, nunua Fit ya 1.3 ya petroli, achana na haibridi ya zamani, badilisha oili ya CVT na ulale. Kama nyumbani kuna gari jingine, geti, paa la kuegeshea, na fundi mwenye subira, Roadster la 1.5 lenye turubai na gia za mkono si wazimu. Ni gari jepesi, la injini ya kueleweka, na huko Japani halishuki bei ovyo. Mazda ilianzisha huduma rasmi ya kuyakarabati yale ya kizazi cha kwanza, ikatengeneza upya hata turubai na tairi zake. Hali ya hewa ya Nairobi, Arusha au Mbeya inalifaa kuliko ya pwani, ambako paa hufunguliwa kwa raha alfajiri na baada ya magharibi tu. Saa saba mchana Kinondoni, gari la wazi ni adhabu.

Tunachokikataa kabisa ni gari dogo la familia lililokatwa paa na kuwekewa bati la kujikunja, kama Peugeot 206 CC au Nissan Micra C+C. Bodi iliyoundwa kwa paa la kudumu hulegea likiondolewa, kwa hiyo huongezewa vyuma na kuwa nzito, viti vya nyuma ni vya mapambo, na mfumo wa paa umezeeka bila mtu wa kuutengeneza hapa. Unapata kasoro za pande zote mbili.

Aliyebanwa katikati atazame Suzuki Swift Sport ya ZC33S, iliyotoka Septemba 2017: lita 1.4 yenye tabo, farasi 140, kilo 970 ikiwa na gia za mkono, milango 5. Tabo haisumbuliwi sana na mwinuko wa Nairobi, na cc zake ziko chini ya 1,500. Inataka petroli ya oktani ya juu, na iko sentimita 12 tu kutoka ardhini, chini ya Roadster lenyewe. Hilo muuzaji hatakwambia. Paa lake halifunguki. Kwa wengi wanaodhani wanataka gari la wazi, walichokitaka hasa kilikuwa usukani mzuri na gia ya mkono, na hivyo vyote vimo humu pamoja na viti vya watoto.

Ukiamua Roadster, usilipe kabla ya kupata picha 4 ambazo muuzaji hatazituma bila kuombwa: paa likiwa limefungwa na kupigwa kutoka juu, mikunjo ya pembeni kwa karibu, zulia likiwa limeinuliwa nyuma ya viti, na bati la chini mbele ya gurudumu la nyuma. Kwenye karatasi ya mnada tafuta herufi S na C, za kutu na kuoza, halafu R au RA, za gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Kama gari liko tayari mjini, nenda nalo kwenye bomba: dakika 10 za maji ya kawaida juu ya paa, kisha weka kiganja kwenye zulia pande zote mbili, na nyuma ya viti, na ndani ya kishimo cha buti. Muuzaji akikwambia linavuja kidogo tu kwa sababu ya mpira wa mlango, mwambie aubadilishe kwanza.